Kifaa kipya, kompyuta inazima: karibu miaka 80 ya kutafuta mchawi

Mdogo wangu alinipigia simu usiku, sauti imemkaa kooni. Alikuwa amejinyima karibu mwaka mzima akanunua kadi ya michoro iliyotumika, ili kompyuta yake iweze magemu mapya. Akaipachika, kompyuta ikawaka vizuri, akafungua gemu. Dakika tatu hivi, zii. Skrini nyeusi, feni kimya, halafu mashine ikajiwasha yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Kaka, yule muuzaji kanipiga," akasema. "Kesho naenda dukani kwake, na patachimbika."

Nilimwomba anipe siku moja tu. Si kwamba namfahamu muuzaji. Ni kwamba swali alilokuwa nalo (nimebadilisha kitu kimoja, sasa mashine nzima haitulii, mkosaji ni nani?) ni la zamani kuliko magemu yenyewe. Wahandisi wamelivunjia vichwa tangu kompyuta za kwanza, na majibu waliyoyapata yanarudia jambo lilelile: mtuhumiwa wa kwanza mara nyingi siye.

Nondo, valvu na daftari

Hadithi ya nondo wengi mmeisikia. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuta nondo amenasa ndani ya swichi moja ya umeme. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi. Daftari hilo lipo mpaka leo katika makumbusho ya Smithsonian. Watu husema hapo ndipo hitilafu ya mashine ilipoanza kuitwa "mdudu", lakini sivyo. Thomas Edison aliliandika neno hilo kwa maana hiyo katika barua ya mwaka 1878.

Mimi kinachonivutia si nondo, ni daftari. Mafundi wale waliandika saa, jaribio lililokuwa likiendeshwa na kilichotokea. Bila daftari, nondo angepeperushwa tu na kesho yake wangeanza upya.

Mwaka mmoja kabla yake, Februari 1946, kompyuta ya ENIAC ilikuwa imeoneshwa kwa umma huko Philadelphia. Ilikuwa na valvu za utupu kama 18,000, yaani zile taa za kioo kama za redio za zamani. Wenye shaka walipiga hesabu: valvu moja ikifa, hesabu nzima imeharibika, na kwa valvu 18,000 kutakuwa na msiba kila baada ya dakika chache. Mhandisi J. Presper Eckert alilijibu hilo kwa nidhamu. Valvu ziliendeshwa chini ya kiwango chake cha umeme, hazikukamuliwa mpaka mwisho. Pia waligundua kwamba valvu nyingi hufa wakati wa kuwasha na kuzima, kwa hiyo walijitahidi kuiacha mashine ikiwaka.

Kisha ikaja akili nyingine, kwenye kompyuta ya Whirlwind huko MIT, iliyoongozwa na Jay Forrester. Badala ya kungoja kifaa kife katikati ya kazi, mafundi waliichokoza mashine wenyewe. Walipandisha na kushusha volti kwa makusudi huku programu za majaribio zikiendeshwa. Valvu iliyokuwa imechoka ilianguka kwenye jaribio, ikabadilishwa kabla haijaharibu kazi ya kweli. Leo ukiona kijana anaendesha programu ya kuitesa kadi yake kwa nusu saa ili aone kama itasimama, anafanya kilekile. Anaitafuta pembe ya udhaifu kabla udhaifu haujamtafuta yeye.

Wati 63.5

Kuna wakati ambapo kuongeza kifaa hakukuwa kazi ya mwenye mashine. Kompyuta ilikuwa ya taasisi, na aliyeigusa alikuwa fundi wa kampuni. Hilo lilibadilika kwa kiasi kikubwa tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilipotoa PC yake. Ndani kulikuwa na nafasi tano za kupachika kadi, na mwenye mashine aliruhusiwa kufungua kifuniko na kuongeza atakacho.

Tatizo ni kwamba pawa saplai yake ilitoa wati 63.5 tu. Kwa mashine yenye flopi mbili zilitosha. Lakini watu walitaka diski kuu, na diski kuu za wakati ule zilikuwa na mota nzito inayovuta umeme mwingi hasa pale inapoanza kuzunguka. Ukiipachika kwenye PC ya mwanzo, pawa saplai inaelemewa. Diski ni nzima, ubao ni mzima, lakini mashine haiendi.

IBM ililijua hilo. Kwa waliotaka diski kuu ilitengeneza sanduku la pembeni lenye pawa saplai yake. Na mwaka 1983 ilipotoa modeli ya XT, yenye diski ya megabaiti 10 ndani, pawa saplai ilipandishwa hadi wati 130. Mwaka 1984 modeli ya AT ikafika wati 192. Kumbe "uboreshaji" ule haukuwa wa diski peke yake. Ukiongeza mlaji mezani, lazima uongeze na chungu jikoni.

Wawili wanabisha hodi mlango mmoja

Miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, mchezaji wa gemu alikuwa na ugonjwa mwingine. Kila kadi ilihitaji namba yake ya kubisha hodi kwa prosesa, na namba hizo zilikuwa chache. Kadi ya sauti ya Sound Blaster ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore, ilikuja imewekwa namba 7. Namba 7 hiyohiyo ndiyo iliyotengwa kwa printa. Vikigongana, sauti inakwama ikirudia kipande kimoja kama santuri mbovu, au gemu linaganda.

Hapo kadi si mbovu, na printa si mbovu. Kosa liko kwenye uhusiano wao. Dawa ilikuwa kufungua mashine, kuhamisha kifuniko kidogo cha plastiki kwenye vipini vya kadi, kisha kuliambia gemu namba mpya.

Windows 95 ilikuja na ahadi ya kuumaliza ugomvi huo: chomeka tu, mashine itajipanga yenyewe. Ahadi hiyo ilipata aibu yake hadharani tarehe 20 Aprili 1998, katika maonesho ya Comdex mjini Chicago. Bill Gates alikuwa jukwaani, na mwenzake Chris Capossela akachomeka skana kuonesha jinsi Windows 98 inavyoitambua. Ikatokea skrini ya bluu. Ukumbi ukaangua kicheko, na Gates mwenyewe akatania kwamba labda ndiyo maana bado hawajaanza kuiuza. Kama mashine iliyoandaliwa na kampuni yenyewe ilianguka kwa kuongezewa kifaa kimoja, wewe msomaji usijione mjinga sana.

Mbio na kumbukumbu

Mwaka 2000 AMD na Intel walikuwa kwenye mashindano ya kasi. Mwezi Machi AMD ilitangulia kutangaza prosesa ya gigahezi 1, na Intel ikafuata baada ya siku mbili. Mwishoni mwa Julai Intel ikatoa Pentium III ya gigahezi 1.13. Wachambuzi wa kujitegemea, akiwemo Thomas Pabst wa tovuti ya Tom's Hardware, walikuta haitulii. Jaribio moja lilikuwa la kawaida kabisa: kuijenga kini ya Linux kutoka kwenye msimbo wake, kazi inayoikamua prosesa bila huruma. Ilishindwa. Kabla Agosti haijaisha, Intel ilikubali na kuiondoa sokoni. Kwa hiyo kuna nyakati mtuhumiwa wa kwanza ndiye mkosaji kweli. Lakini aliyethibitisha hilo ni jaribio linaloweza kurudiwa na mtu mwingine.

RAM nayo ina visa vyake. Mwaka 1978, Timothy May na Murray Woods wa Intel walieleza kwa nini chipu za kumbukumbu zilikuwa zikibadilisha data bila kuharibika. Vifuniko vyake vilikuwa na chembechembe za urani na thori, na miali ya alfa iliyotoka humo iliweza kugeuza sifuri kuwa moja. Fikiria fundi ambaye angebadilisha chipu baada ya chipu bila kujua kwamba zote zimevaa koti lilelile.

Kwa mchezaji wa leo, shida ya RAM huwa nyepesi zaidi. Kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupatikana kwa kuwasha mpangilio wa XMP, ulioletwa na Intel mwaka 2007, na kasi hiyo huwa juu ya kiwango cha kawaida. RAM inaweza kuiweza peke yake, lakini ikichanganywa na nyingine ya aina tofauti, au ikikutana na prosesa isiyoipenda, kompyuta inaanza kuanguka ovyo. Zima XMP kwanza uone. Programu ya Memtest86, iliyoandikwa na Chris Brady mwaka 1994, bado ni kipimo kizuri: iache izunguke usiku kucha.

Ujumbe unaosingizia

Kisa cha karibuni kinauma zaidi. Wamiliki wa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 walianza kuona magemu yakianguka na ujumbe kwamba kumbukumbu ya video imekwisha. Ukisoma hivyo utamshika nani? Kadi ya michoro, bila shaka. Watu wakabadilisha draiva, wengine wakahangaika na kadi zenyewe. Kumbe prosesa ndiyo iliyokuwa ikikosea hesabu wakati wa kufungua data zilizobanwa, na gemu lilipopata takataka likaripoti jambo lililoliona, si lililolisababisha. Mwaka 2024 Intel ilieleza kuwa volti iliyozidi ilikuwa ikizichosha prosesa hizo, ikatoa marekebisho na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili.

Kwa hiyo ujumbe wa kosa uuchukulie kama ushahidi wa jirani. Unakwambia kelele zilisikika upande gani. Aliyepiga kelele ni suala lingine.

Turudi kwa mdogo wangu

Tulianza na daftari, kama wale wa nondo. Inazima lini? Kwenye gemu zito tu. Ukiangalia video je? Haizimi. Kuna skrini ya bluu? Hapana, inakata ghafla kama umeme wa nyumba umekatika. Hiyo ni dalili inayoelekeza kwenye umeme, ingawa haijathibitisha.

Kisha akarudisha kadi ya zamani. Kompyuta ikatulia saa mbili. "Si umeona!" akanirukia. Hapa ndipo wengi tunapotereza. Kadi mpya ikitoka na tatizo likaondoka, bado kuna maelezo mawili: ama kadi ni mbovu, ama kadi ni nzima lakini inadai kitu ambacho mashine haina. Diski ya mwaka 1981 ilikuwa vivyo hivyo.

Ili kuyatenganisha, tulirudisha kadi mpya na kuipunguzia kiwango cha nguvu kwa programu, mpaka asilimia 60. Gemu lilelile, sehemu ileile. Haikuzima. Tukapandisha kidogo kidogo, na karibu na mwisho, zii.

Nikamwambia ageuze pawa saplai asome lebo ya pembeni. Kwa herufi kubwa: 500W. Kwa herufi ndogo, laini ya volti 12: ampea 18. Zidisha, unapata wati 216. Zamani kompyuta ilikula zaidi kutoka laini za volti 5 na 3.3, lakini kuanzia Pentium 4 ya mwaka 2000 mzigo mkubwa ulihamia laini ya volti 12, na kadi za michoro zikafuata hukohuko. Kadi yake peke yake inataka wati 150, na prosesa inataka zake. Tena hiyo 150 ni wastani. Kadi za kisasa huruka juu kwa muda mfupi mno, kiasi kwamba kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kinataka pawa saplai zinazokifuata ziweze kuhimili hadi mara mbili ya nguvu zake kwa moja ya elfu kumi ya sekunde. Mwaka huohuo ilitoka RTX 4090, kadi moja yenye wati 450, zaidi ya mara saba ya PC nzima ya 1981.

Jaribio la mwisho: akaazima pawa saplai nzuri ya rafiki yake. Akacheza jioni nzima, nguvu asilimia 100. Haikuzima hata mara moja.

Kesho yake alikwenda dukani kama alivyoapa. Muuzaji alimkaribisha, na mdogo wangu akamsalimia kwa adabu, akaulizia pawa saplai. Alipoletewa, hakutazama herufi kubwa. Aliigeuza, akatoa simu, akafungua kikokotoo.