Kireno: Lugha ya mbali iliyoacha maneno mezani Kikopey

MSAFIRI anayesimama Kikopey, karibu na Gilgil katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, huagiza nyama choma kisha huketi mezani kuisubiri. Hapo ameshatamka Kireno bila kujua, kwani 'meza' imetokana na neno la Kireno 'mesa'. Kopo, karata, bendera na mvinyo ni wa ukoo huo huo.

Maneno hayo yalipanda bara kutoka pwani. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mnamo Aprili 1498. Mnamo 1593, Wareno walianza kujenga Fort Jesus, ngome waliyonyang'anywa na Waarabu wa Oman mwaka 1698. Leso, vazi la heshima la akina mama, lina jina linalotokana na 'lenço', yaani kitambaa cha mkononi. La ajabu zaidi ni 'gereza', ambalo wataalamu hulihusisha na 'igreja', maana yake kanisa! Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Hata hivyo, si kila neno linalodhaniwa kuwa la Kireno ni lao: 'pesa' ilitoka Bara Hindi.

Leo Kireno kina wasemaji zaidi ya milioni 250, na Ureno yenyewe ina sehemu ndogo tu ya hao. Wengi mno wako Brazil, iliyojitawala tangu 1822. Barani Afrika ni lugha rasmi Angola, Msumbiji, Guinea-Bissau, Cape Verde na São Tomé na Príncipe, na pia hutumika katika Umoja wa Afrika sawa na Kiswahili.

Kisa cha Msumbiji ndicho kinachowagusa zaidi Waswahili. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walifanyia mazoezi Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ambako Kiswahili kilisikika kila siku. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, viongozi hao hao waliichagua lugha ya mkoloni waliyempiga vita iwe lugha rasmi, wakihofia kwamba kuteua lugha ya jamii moja kungeligawa taifa. Hadi sasa, raia wengi huzungumza kwanza Kimakua, Kisena au Kichangana nyumbani, na Kireno hukipata baadaye.