Ripoti ya Mapping

Ripoti ya Mapping ni uchunguzi wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili uliotendwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuanzia Machi 1993 hadi Juni 2003, unaoorodhesha matukio 617. Kwa mkoa wa Kivu ya Kaskazini, inaanzia soko la Ntoto, wilayani Walikale, ambako Banyarwanda (wazungumzaji wa Kinyarwanda) Wahutu waliuawa tarehe 20 Machi 1993. Mapigano yakaenea haraka hadi wilaya jirani ya Masisi. Nyuma ya mapigano hayo kulikuwa na ugomvi wa mashamba, mamlaka ya machifu na sheria ya uraia ya 1981. Rasimu ya ripoti ilivujishwa kwa gazeti la Le Monde Agosti 2010; Rwanda, ambayo jeshi lake lilituhumiwa humo, ikatishia kuondoa walinda amani wake Sudan. Ripoti ilichapishwa 1 Oktoba 2010, lakini majina ya watuhumiwa yangali siri, pengo kubwa kwa manusura.