KUTA ZA WAZEE NA JOTO LA ALASIRI



Hapa Parklands joto lina miezi yake, Januari mpaka Machi, na Ramadhan za miaka hii zimeangukia humo humo. Ukiwa na saumu yako, saa tisa mchana, hebu panda ghorofa ya juu kabisa ya flati mpya. Hewa imesimama, na ukuta wa magharibi ukiugusa ni moto. Kisha shuka uingie katika moja ya zile nyumba za zamani za mawe zilizobaki, zenye vigae na veranda. Tofauti utaihisi mlangoni tu. Jua ni lile lile, sasa ubaridi huu umetoka wapi?

Jibu la zamani zaidi kwetu liko pwani. Wengi tunadhani nyumba za mawe zilishushwa jahazini zikiwa tayari kutoka Arabuni. Sivyo. Kule Shanga, kisiwa cha Pate, wachimbuzi wa miaka ya 1980 wakiongozwa na Mark Horton walikuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine. Ya chini ilikuwa ya miti na udongo, kisha ukaja wa matumbawe, yapata miaka elfu moja iliyopita. Nyumba za watu zilifuata karne kadhaa baadaye. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliisifu Kilwa, lakini akaieleza kuwa mji wa mbao (msikiti mkuu wa mawe ulikuwepo, lakini msafiri naye ana macho yake). Wareno walipofika, baada ya 1498, wao wanaeleza nyumba za mawe na chokaa.

Sasa itazame nyumba ya Lamu. Ukuta wake unene ni kama sentimita 40 au 50, wa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe hilo lina vitundu vitundu vilivyojaa hewa, na hewa iliyofungiwa haipitishi joto upesi. Nje ukuta ukipakwa chokaa nyeupe, unarudisha mwanga wa jua. Joto la adhuhuri linalopenya husafiri polepole, likafika ndani usiku. Na usiku je? Hapo ndipo penye akili. Nyumba nyingi zina sehemu ya juu ya dari iliyoezekwa makuti, pande zake wazi, upepo unapita. Mchana makuti yale yanaikinga dari isipigwe na jua, usiku watu wanalala pale juu. Njia nazo ni nyembamba, na mahali pengine kuna wikio, kile chumba kinachovuka njia kutoka nyumba hii hadi ile, kwa hiyo kuta zinapeana kivuli.

Mtu aliyeyachora haya kwa makini ni Usam Ghaidan, msanifu kutoka Iraq aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kitabu chake juu ya mji wa Lamu kilitoka 1975. Mwaka 2001 UNESCO ikauingiza mji huo katika urithi wa dunia.

Usichanganye mambo mawili, ndugu yangu. Ukuta mnene *unachelewesha* joto. Kizuia joto *kinalikataa*. Mfano wake ni themosi ya chai ya futari: hiyo hiyo ukitia sharubati baridi, inabaki baridi. Ulaya siku hizi wanabandika sponji ngumu au pamba ya mawe nje ya kuta. Walianza kwa ajili ya baridi, lakini wakati wa joto pia inasaidia, mradi madirisha yawe na kivuli mchana na yafunguliwe usiku, la sivyo joto lililoingia linafungiwa ndani. Kwa nini nje na si ndani? Kwa sababu jiwe likifunikwa kwa nje halipigwi na jua, linabaki na ubaridi wa usiku. Nairobi tuna usiku wa baridi, neema ambayo Lamu hawana, na sisi tunaipoteza kwa bloku nyembamba na vioo.

Jambo jingine. Tuko karibu na ikweta, jua linapita karibu utosini, kwa hiyo kinachoungua zaidi ni paa, kisha kuta za mashariki na magharibi. Nyumba nyingi za mawe za Lamu zimeelekezwa kaskazini, upande wa kibla, na vyumba virefu vimelala kutoka mashariki kwenda magharibi. Kumbe aliyefuata kibla alilikwepa na jua! Kibla ya Nairobi nayo ni karibu kaskazini.

Basi kamati ikileta ramani ya ukumbi au bweni la vijana, kabla ya kuhesabu feni muulizeni fundi: ukuta wa magharibi una unene gani, una dirisha kubwa la kioo, una veranda? Juu ya slabu kuna nini? Rangi nyeupe? Ila tarawehe ikijaa, safu mpaka mlangoni, joto lile ni la miili yetu wenyewe. Hapo ukuta hausaidii, fungueni madirisha.