Jicho la Kioo, Uso Unaokua

Ambroise Paré alikuwa mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa katika karne ya 16. Ufundi wake aliupata vitani, kwa majeruhi, na ameacha mambo mawili ambayo mzazi wa mtoto mwenye jicho dogo bado anakutana nayo. La kwanza ni jicho la bandia. Alieleza kwa maneno na kwa michoro jinsi ya kutengeneza jicho la dhahabu au fedha, likatiwa rangi, likavaliwa ndani ya kope. Kwa asiyeweza kulivaa ndani, alichora jicho juu ya kipande cha ngozi kilichoshikiliwa na waya uliozunguka kichwa. La pili ni lawama. Mwaka 1573 alichapisha kitabu juu ya viumbe waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kawaida, akaorodhesha sababu. Miongoni mwake aliweka ghadhabu ya Mungu, na yale mama aliyoyaona au kuyawaza akiwa mjamzito.

Zaidi ya miaka 400 baadaye, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Pangani. Nilikuwa nimejifungua binti hapa Ujerumani, katika jimbo la Thüringen. Jicho lake la kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa dogo, limezama, na kope zake hazikufunguka zaidi ya ufa mwembamba. Shangazi aliuliza kwa upole, maana ananipenda.

"Mwanangu, ulipokuwa na mimba, ulimcheka nani?"

"Sikumcheka mtu, shangazi."

"Basi hujafa hujaumbika. Mlee."

Sikumkasirikia. Swali lake lilikwisha kuulizwa na mpasuaji mashuhuri kuliko wote wa Ulaya ya zama zake. Tangu siku ile nimekuwa nikiifuatilia historia ya mambo hayo mawili ya Paré, lawama na jicho la bandia. Jicho la bandia la kioo lilikulia katika milima ya jimbo hili hili ninaloishi, kwa hiyo sikulazimika kwenda mbali.

Nianze na lawama. Jicho la binadamu huanza kujengwa mnamo wiki ya 4 ya mimba, kwa vivimbe viwili vinavyochomoza kutoka kwenye chimbuko la ubongo. Wakati huo wanawake wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Ujenzi ukikwama hapo au wiki chache baadaye, mtoto huzaliwa na jicho lisilokomaa. Madaktari huliita tatizo hilo maikrofthalmia. Linaweza kuathiri macho yote mawili au moja tu, na jicho lenyewe linaweza kuona kidogo au lisione kabisa.

Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuonyesha kwa ushahidi kinachoukwamisha ujenzi huo. Mwaka 1933, katika kituo cha utafiti wa kilimo huko Texas, Marekani, Fred Hale alieleza jambo la ajabu. Nguruwe jike aliyelishwa chakula kisicho na vitamini A tangu kabla ya kupandwa alizaa watoto 11, wote bila macho. Majike walipopewa vitamini hiyo, watoto walizaliwa na macho. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi kuwa kasoro ya kuzaliwa kwa mnyama inaweza kutokana na kitu kilichokosekana mwilini mwa mama, kitu kinachopimika na kurekebishika.

Miaka minane baadaye, huko Sydney, Australia, daktari wa macho Norman Gregg alianza kuletewa watoto wachanga wenye mtoto wa jicho kwa wingi usio wa kawaida. Baadhi yao macho yalikuwa madogo, na wengi walikuwa na matatizo ya moyo. Gregg alifanya jambo ambalo Paré hakulifanya: aliwasikiliza mama zao. Wengi walikumbuka kwamba mwanzoni mwa mimba walipata homa na vipele vya rubela, katika mlipuko wa mwaka 1940. Mwaka 1941 alichapisha taarifa ya watoto 78. Mwanzoni wengine walimtilia shaka, lakini muda ukathibitisha kwamba alisema kweli. Chanjo ikapatikana mwishoni mwa miaka ya 1960. Tanzania iliiingiza mwaka 2014, ikiwa pamoja na ile ya surua, na watoto wa Pangani huipata kliniki.

Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba hitilafu katika jeni moja, iitwayo SOX2, inaweza kumnyima mtoto macho au kuyadumaza. Baada ya hapo jeni nyingine zimeongezwa kwenye orodha. Binti yangu alipimwa na hakuna sababu iliyopatikana. Hata hivyo, katika sababu zote ambazo sayansi imezithibitisha, kicheko cha mama hakimo, wala tamaa yake, wala macho aliyomkodolea jirani. Nilimwambia shangazi hivyo, neno kwa neno, na yeye akawaambia wenzake barazani. Kwangu hiyo ni sehemu ya historia hii pia.

Sasa jicho lenyewe. Lauscha ni mji mdogo uliobanwa kwenye bonde la msitu wa Thüringen. Kiwanda chake cha vioo kiliasisiwa mwaka 1597, kwa sababu kuni na mchanga vilikuwapo. Baadaye kazi ikahamia majumbani. Familia nzima ilikaa mezani mbele ya taa yenye ndimi kali za moto, baba akipuliza kioo, mama na watoto wakipaka rangi na kufunga mizigo. Walitengeneza shanga, gololi, mapambo ya mti wa Krismasi, na macho ya wanasesere.

Katika miaka ya 1830 daktari mmoja wa Würzburg, Heinrich Adelmann, alimtafuta fundi ambaye angeweza kutengeneza jicho la mtu. Macho mazuri ya wakati huo yalitoka Paris na bei yake ilikuwa kubwa. Akamfikia Ludwig Müller-Uri wa Lauscha, fundi wa macho ya wanasesere. Mwaka 1835 Müller-Uri akaanza kutengeneza macho ya binadamu. Ilimchukua miaka mingi kuyafanya yafanane na ya kweli, na hata yalipofanana kulibaki tatizo moja kubwa: machozi yana chumvi, na kioo cha zamani kilikwaruzika haraka na kupoteza ulaini ndani ya kope. Mwaka 1868 jibu likapatikana katika madini ya kriolaiti, yaliyochimbwa Greenland. Yakichanganywa na kioo hutoa weupe wa maziwa, laini na mwepesi, unaovumilia machozi. Kioo hicho ndicho kinachotumika Ujerumani hadi leo.

Kutoka Lauscha ufundi ukatawanyika. Katika miaka ya 1870 Friedrich Adolf Müller, mtu wa ukoo huo huo, aliuhamishia Wiesbaden. Mwaka 1898 karakana ya huko ilishirikiana na Herman Snellen, daktari wa Uholanzi aliyebuni ule ubao wa herufi unaotundikwa kliniki kupimia macho, kutengeneza jicho lenye kuta mbili za kioo. Lilikuwa nene zaidi, ili kujaza pengo la mtu aliyeng'olewa jicho. Kisha vikaja vita vya dunia vya kwanza, na vijana wengi mno wakarudi nyumbani na jicho moja. Mafundi wa Kijerumani walisafiri mji kwa mji, hata ng'ambo, na wateja wao walikuwa zaidi watu wazima: askari, wafanyakazi wa viwandani, wawindaji. Mtu mzima alihitaji kitu kimoja tu, apite barabarani bila kukodolewa macho. Jicho la kioo lilikuwa la kuficha.

Fundi aliyemtengenezea binti yangu ni mama wa makamo, na kazi yake niliitazama kwa karibu. Huchukua mrija wa kioo cheupe, huupasha kwenye moto wa gesi huku akiuzungusha bila kusita, kisha huupuliza hadi uwe tufe dogo. Juu ya tufe huweka tone la kioo cha rangi, na juu yake nyuzi nyembamba za kioo zenye rangi nyingine, hadi duara la jicho lipate mistari yake. Katikati huchoma nukta nyeusi. Juu ya yote huyeyusha kioo angavu, na hapo jicho hupata kina. Droo yake ilikuwa imejaa matufe yenye duara za buluu na kijivu, kwa sababu ndiyo macho ya watu wa hapa. Kwa binti yangu alianza upya. Alimtazama kwenye mwanga wa dirisha, akachanganya kahawia mbili, kisha akaongeza kivuli cha kahawia kwenye weupe, kandokando ya duara, kwa sababu weupe wa jicho la mtoto wetu si mweupe mtupu. Vimishipa alivichora kwa uzi mwekundu wa kioo, mwembamba kuliko unywele. Mwisho alilikata tufe, likabaki gamba jembamba lisilozidi ukucha wa kidole gumba changu, akalainisha kingo zake motoni na kuliacha lipoe polepole.

Gamba hilo halikuwekwa mahali patupu. Jicho dogo la binti yangu lipo, halikung'olewa, na gamba linakaa juu yake. Kwa mtoto kazi ya gamba si kuficha. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 16 au 17 hivi, na la mtu mzima 24. Linapokua husukuma, na msukumo huo ndio unaoiambia mifupa ya tundu la jicho, kope na mfuko wa ndani vipanuke. Jicho lisipokua, upande ule wa uso hubaki nyuma. Mtoto anayeachwa hadi aanze shule anaweza kukuta kope zimekuwa fupi mno kushika jicho lolote la bandia, na kurekebisha mifupa kwa upasuaji ni kazi nzito. Gamba husukuma badala ya jicho. La kwanza huwa dogo sana, linaweza hata kuwa halina rangi yoyote. Baada ya wiki chache huja kubwa zaidi kidogo, kisha jingine, na mwaka wa kwanza hupita hivyo. Ukuaji ukipungua, nafasi kati ya gamba na gamba hurefuka.

Lakini maendeleo makubwa kwa watoto yalitoka pembeni, kwa madaktari wa meno. Vita vya dunia vya pili vilikata njia ya macho ya kioo kutoka Ujerumani, na Jeshi la Marekani likabaki na askari waliohitaji macho. Maofisa wa tiba ya meno, akiwamo Stanley Erpf, waligeukia akriliki, plastiki ile ile waliyokuwa wakitengenezea meno ya bandia. Walichukua umbo la tundu la jicho kama wanavyochukua umbo la fizi, wakamimina plastiki, wakapaka rangi kwa brashi. Jicho la akriliki halivunjiki likianguka, hudumu miaka mingi kuliko la kioo, na linaweza kuongezwa unene au kupunguzwa bila kutengenezwa upya. Kwa mtoto anayekua sifa hiyo ya mwisho ina thamani kubwa. Leo nchi nyingi hutumia akriliki. Ujerumani imebaki na kioo chake, na mimi nimeona faida yake: fundi hupuliza gamba jipya mbele yangu, na siku ile ile tunarudi nyumbani nalo.

Vitabu vinataja mafundi na madaktari, lakini havitaji kinachofanyika nyumbani baada ya hapo. Kazi hiyo ni ya wazazi, na pasipo wao gamba lolote halina maana. Nanawa mikono, nakunja khanga maradufu mapajani ili kioo kisivunjike kikianguka. Naivuta kope ya chini, ukingo wa gamba unachomoza, nalo linatelezea kiganjani. Nalisafisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kurudisha, naliingiza kwanza chini ya kope ya juu, kisha naishusha ya chini, na linakaa. Miezi ya mwanzo binti yangu alilia kila mara, na baba yake alimshika kichwa huku akimwimbia. Siku hizi anasimama mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni na kunikumbusha nisisahau. Mchana huvaa miwani yenye lenzi za polikaboneti, ingawa jicho lake la kulia linaona vizuri. Miwani ile inalilinda jicho analolitegemea, na hatuna mzaha nayo.

Wazazi wenzangu huniuliza waanzie wapi. Mtoto apelekwe kwa daktari wa macho katika wiki zake za kwanza, hata kama hana maumivu na ananyonya vizuri. Ulizeni kama jicho dogo linaona chochote, kwa kuwa jicho lenye uoni hata kidogo halifunikwi ovyo. Ulizeni kama jicho la pili ni zima kweli, na kama viungo vingine vikaguliwe, maana mara nyingine tatizo hili huja na mengine. Kisha ulizeni gamba la kwanza litavaliwa lini. Atakayewaambia msubiri mtoto akue kwanza, mshukuruni, mkatafute maoni ya daktari mwingine, kwa sababu kukua kwenyewe ndiko kunakotibiwa.