Malezi ya mbwa

Malezi ya mbwa ni kazi ya kumlisha, kumkinga na magonjwa na kumfundisha mbwa anayeishi na watu, ili aweze kukaa nao kwa usalama. Yanahusu mbwa wa kila namna: mbwa wa kienyeji (ambaye wengi humwita mbwa koko hata akiwa na mwenyewe), mbwa wa ulinzi kama German Shepherd, na mbwa wadogo wanaoishi ndani ya nyumba. Utulivu au ukali wa mbwa hautokani na aina yake peke yake. Hutegemea sana namna alivyolelewa, hasa katika miezi mitatu ya kwanza ya maisha yake.

Wiki za kwanza

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka baada ya siku 10 hadi 14 hivi, na masikio huanza kusikia katika wiki ya tatu. Kuanzia hapo hadi kwenye wiki ya 12 au ya 14 hupita katika kipindi cha kuzoea. Kitu anachokutana nacho kwa amani katika wiki hizo hukichukulia baadaye kuwa cha kawaida. Kile ambacho hajawahi kukiona huelekea kukiogopa.

Watafiti John Paul Scott na John L. Fuller waliochunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, walieleza kipindi hicho katika kitabu chao cha mwaka 1965. Katika jaribio moja lililofanyika hapo, watoto wa mbwa walikaa ndani ya uzio bila kuguswa na watu hadi wiki ya 14. Walipotolewa waliwakimbia watu kama wanyama wa porini, na ilikuwa vigumu sana kuwazoesha.

Kwa hiyo mfugaji humwonyesha mtoto wa mbwa dunia atakayoishi ndani yake: pikipiki, watoto wanaokimbia, mtu mwenye mwavuli, mtu mwenye kofia ya chuma, mwanamke aliyevaa buibui, kelele za masufuria, sauti ya lori. Humzoesha pia kushikwa masikio, miguu na mdomo, maana siku moja daktari wa mifugo atamshika hapo. Haya yote hufanywa pole pole, kwa chakula kidogo na maneno ya upole. Akirudi nyuma au akitetemeka huachwa asogee mwenyewe. Kumvuta kwa nguvu humfundisha kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli.

Hapa kuna tatizo moja. Kipindi cha kuzoea huisha kabla chanjo hazijakamilika, na mbwa asiye na kinga hapaswi kutembezwa penye majalala au mbwa wa mitaani. Njia inayofaa ni kumbeba mkononi anapotolewa nje, na kumpeleka kwenye nyumba ambazo mbwa wake wamechanjwa.

Mtoto wa mbwa asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki ya 8. Wauzaji wengine huwatoa mapema zaidi kwa sababu ni wadogo na wanapendeza, lakini ni katika kucheza na ndugu zake ndipo anapojifunza kupima nguvu ya meno. Akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo huisha.

Namna mbwa anavyojifunza

Mbwa hurudia tendo linalomletea faida na huacha lile lisilomletea kitu. Faida hiyo, iwe kipande cha nyama, mchezo au sifa, inapaswa kumfikia ndani ya sekunde moja au mbili baada ya tendo. Ikichelewa, huiunganisha na jambo jingine alilokuwa akilifanya wakati huo.

Adhabu nayo hufuata kanuni hiyohiyo, na hapo ndipo wafugaji wengi hukosea. Mbwa ametoroka, ameitwa mara kumi, mwishowe amerudi na kuchapwa. Kwa mwenye mbwa, adhabu ni ya kutoroka. Kwa mbwa, adhabu imekuja pale alipomfikia mtu aliyemwita, na kesho atakaa mbali zaidi. Vivyo hivyo kwa anayerudi jioni na kukuta kiatu kimetafunwa. Wengi husema mbwa huonyesha uso wa hatia kwa sababu anajua kosa lake. Mtafiti Alexandra Horowitz alilipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2009: uso huo ulitokea mbwa walipokaripiwa, hata wale ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Ufundishaji wa zamani ulitegemea nguvu. Mjerumani Konrad Most aliandika mwaka 1910 mwongozo wa kufundisha mbwa uliotumia sana adhabu. Baadaye ulienea mwongozo mwingine, kwamba mfugaji lazima amtawale mbwa wake kama kiongozi wa kundi la mbwa mwitu. Wazo hilo lilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya uchunguzi wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947 kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa pamoja. Mwaka 1999 mtafiti L. David Mech alieleza kwamba porini kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni familia, yaani baba, mama na watoto wao, na wazazi huongoza bila kushindania cheo. Siku hizi vyama vya madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama hushauri kufundisha kwa tuzo.

Amri za kwanza

"Kaa" ni amri rahisi kuliko zote. Kipande cha chakula hushikwa mbele ya pua ya mbwa, kisha huinuliwa taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikifuata juu, matako hushuka chini yenyewe. Yakigusa ardhi tu, mbwa hupewa chakula. Akishazoea, neno "kaa" hutamkwa kabla ya mkono kusogea.

"Njoo" ni amri inayoweza kuokoa maisha ya mbwa barabarani. Hufundishwa kwa umbali mdogo ndani ya ua, na kila anapokuja hupata kitu kizuri. Neno hilo lisitumiwe kumwita kuogeshwa, kufungwa au kuadhibiwa.

Vipindi vya dakika tatu hadi tano, mara kadhaa kwa siku, hufaa kuliko saa nzima ya Jumamosi. Nyumba nzima ikubaliane neno moja. Baba akisema "kaa", watoto wakisema "sit" na mlinzi akisema "tulia", mbwa ataonekana mkaidi wakati hajui anaambiwa nini.

Kujisaidia nje hufundishwa kwa kumtoa mtoto wa mbwa kila anapoamka, anapomaliza kula na baada ya kucheza, na kumsifu palepale. Kumsugua pua kwenye uchafu wake humfundisha tu kujificha anapojisaidia. Kuhusu kutafuna, mbwa mdogo ana meno 28 ya utotoni, ambayo kati ya mwezi wa nne na wa saba hung'oka na kuachia nafasi meno 42 ya ukubwani. Wakati huo lazima atafune kitu, basi ni nafuu apewe kamba nene au mfupa mkubwa kuliko kumwachia viatu.

Mbwa wa ulinzi

Kwenye mageti mengi ya Kenya na Tanzania hubandikwa kibao cha "Mbwa kali". Nyuma yake mara nyingi kuna mbwa anayefungwa kwa mnyororo au kufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku, kwa kuamini kwamba asipoona watu atakuwa mkali kwa wezi. Kinachotokea ni kwamba mbwa huyo hamjui mtu yeyote zaidi ya anayempa chakula. Hawezi kutofautisha mwizi na shangazi aliyefika kutoka kijijini, na anayeumwa kwa kawaida ni mtu wa nyumbani, mgeni au mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Imani kwamba pilipili humfanya mbwa awe mkali haina msingi. Humuumiza tumbo tu.

Kwa nyumba ya kawaida, kazi ya mbwa wa ulinzi ni kubweka. Mbwa anayewajua watu wa nyumba, majirani na wageni wa kila siku hubweka kwa anayestahili kubwekewa, na wenye nyumba humsikiliza kwa sababu habweki ovyo. Mbwa wa kushambulia ni jambo jingine, linalohitaji mkufunzi mwenye ujuzi.

Mbwa huonya kabla ya kuuma. Huganda ghafla, hugeuza kichwa, hulamba midomo ingawa hakuna chakula, huonyesha weupe wa macho, hufyata mkia au hunguruma. Mkia unaotikisika si lazima uwe wa furaha. Ukisimama juu na kutikisika kwa ugumu huwa ni tishio. Mbwa anayechapwa kwa sababu ya kunguruma hujifunza kuacha kunguruma, na siku nyingine huuma bila onyo. Watoto wafundishwe kutomgusa mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto, wala kumkimbia mbwa wasiyemjua. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule anayeaminika.

Katika familia za Waislamu wa pwani, ambao wengi hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa huhesabiwa kuwa najisi, lakini kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda kunaruhusiwa. Banda nje ya nyumba na vyombo vyake peke yake huondoa usumbufu, na mbwa bado anaweza kuzoeshwa watu na kufundishwa kwa sauti na chakula.

Chakula

Maji safi yawepo wakati wote. Ugali mtupu hushibisha lakini hautoshi. Mbwa anahitaji protini, kama dagaa, mapafu, maini au mayai yaliyopikwa. Mabaki ya mezani yana hatari isiyojulikana sana: mchuzi karibu wote una vitunguu, na vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti, zabibu na bigijii zisizo na sukari zinaweza kumuua. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Viungo vya ndani vya mbuzi, kondoo au ng'ombe visitupwe kwa mbwa vikiwa vibichi. Vinaweza kuwa na malengelenge ya mnyoo aitwaye Echinococcus, ambaye hukomaa kwenye utumbo wa mbwa na kutoa mayai katika kinyesi chake. Mtu akiyameza mayai hayo hupata uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imekuwa miongoni mwa sehemu zilizoathiriwa zaidi duniani.

Chanjo na magonjwa

Minyoo mingine humpata mtoto wa mbwa akiwa bado tumboni au kupitia maziwa ya mama, hivyo dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki mbili. Chanjo dhidi ya distempa na parvo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16. Kupe huondolewa kwa dawa na kwa mkono, kwa kuwa hueneza magonjwa ya damu. Mbwa jike huweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka na hubeba kwa siku 63 hivi. Asiyetaka watoto wa mbwa amwone daktari wa mifugo mapema kwa ajili ya kufunga kizazi.

Ugonjwa wa mbwa wa nyumbani huweza kufika mbali. Mwaka 1994 virusi vya distempa viliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walihusishwa na mlipuko huo.

Kichaa cha mbwa ndicho kinachowagharimu watu zaidi. Huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Chanjo hutolewa kwa mbwa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Shirika la Afya Duniani linasema kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo hutosha kukata maambukizi.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia: mpole huwa mkali au mkali huwa mzito na mpole kupita kiasi, sauti hubadilika, mate hutiririka, kisha hupooza na kufa. Mtu aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano, hata kama kidonda ni kidogo. Asisubiri dalili, kwa kuwa zikishaanza mgonjwa karibu hakika hufa. Mbwa mwenyewe, akiwa anaweza kufungiwa kwa usalama, asiuawe kwa hasira bali aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki.