Nani Ambebe Nani

Nilimkuta fundi pwani ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja, akichonga tumbo la ngalawa kwa tezo, nikamwuliza swali nililokuja nalo kutoka safarini: "Fundi, chombo hiki kina uzito gani?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bahari ina chumvi kilo ngapi. "Kwani utakichukua kichwani, mwanangu?"

Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka Ely, mji wa watu elfu tatu na ushei katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako swali hilo ndilo la kwanza dukani. Ely ulizaliwa na migodi ya chuma, na mgodi wake wa mwisho ulifungwa mwaka 1967. Siku hizi unaishi kwa kukodisha na kuuza mitumbwi, kwa sababu mlangoni pake inaanza hifadhi ya Boundary Waters, zaidi ya eka milioni moja zenye maziwa zaidi ya elfu. Sheria ya mwaka 1978 iliondoa injini katika sehemu kubwa ya maji hayo, na wako wenyeji ambao hawajaisamehe. Lakini sheria hiyohiyo ndiyo iliyoyapa nguvu maduka ya makafi.

Maziwa hayo hayakuungana. Ukimaliza moja unashuka, unajitwika mtumbwi, unapita msituni hadi la pili. Ndiyo maana muuzaji hamwachi mteja achague kwa macho. Anamtoa nje hadi kwenye vichanja vya mbao ambako mitumbwi imelazwa kifudifudi, anamwinulia mmoja na kumtwika mabegani. Katikati ya chombo pamekingamishwa ubao uliochongwa nafasi ya shingo, na Wamarekani wanauita kwa neno lilelile la nira ya ng'ombe. Mteja anazunguka uwanja, kichwa kimemezwa na mtumbwi, miguu tu ndiyo inayoonekana. Mtumbwi wa kevla, kile kitambaa cha kuzuia risasi, una kilo kama 19. Wa alumini una kama 34. Bei inapanda kadiri uzito unavyoshuka: huko mtu hulipa zaidi ili apewe kidogo.

Hata huo wa alumini ulizaliwa na maumivu ya bega. Mwaka 1944 ofisa mmoja wa kiwanda cha ndege cha Grumman, William Hoffman, alichoshwa na kubeba mtumbwi wa mbao na turubai katika milima ya Adirondack, akawaza kwamba bati la ndege lingefaa zaidi. Vita vilipokwisha, kiwanda kikaanza kufua mitumbwi.

Nungwi hakuna duka. Kuna kivuli, kuna magogo, kuna wazee wasio na kazi ya haraka. Anayetaka ngalawa haanzi na chombo, anaanza na mti: mwembe mnene ulio shambani mwa mtu mwingine, nao una bei yake na maneno yake, maana miembe ya unene huo imeadimika. Baada ya kuchongwa na kufungwa matengo pande mbili, chombo hakitabebwa na mtu hata siku moja. Maji yatakifuata. Bahari inayopanda na kushuka mara mbili kwa siku ni mchukuzi asiyedai ujira, na kwa vyombo vikubwa watu husubiri bamvua. Siku ya kushua jahazi, kijiji kizima hushika kamba, nyimbo huvuta na mikono huvuta, kisha hufuata chakula na dua. Uzito unaomtisha mteja wa Ely ndio unaowakusanya watu wa Nungwi.

Ni rahisi kutoka hapo na kusema kwamba huko kila mtu na bega lake, huku wote kwa wote. Nilikaribia kuliandika, nikalikumbuka duka lenyewe. Anayekwenda kulala humo kati ya Mei na Septemba lazima awe na kibali chenye idadi maalumu, kundi lisizidi watu 9 na vyombo 4, na baadhi ya maduka yameruhusiwa kukitoa. Mbele ya kaunta, mteja anaonyeshwa filamu fupi, anaulizwa maswali, anakumbushwa kwamba makopo na chupa za vioo haviingii. Halafu inakunjuliwa ramani, na hapo ndipo maarifa ya mji yanapotoka: wapi maji yamepungua, wapi matope yanafika magotini, wapi upepo huamka adhuhuri. Nje kuna gari litakalompeleka na litakalomfuata. Asiporudi siku aliyoahidi, dukani ndipo atakapoulizwa kwanza. Mpweke wa Ely ana jirani, ila jirani huyo amelipiwa pamoja na kafi.

Kilichonigusa zaidi katika ramani hizo ni kipimo. Njia za nchi kavu haziandikwi kwa mita wala maili. Zinaandikwa kwa kipimo cha kale cha wapima ardhi wa Uingereza chenye urefu wa mita 5 na kitu, ambao unakaribia sana urefu wa mtumbwi wenyewe. Kwa hiyo mtu akiambiwa njia ni ya vipimo 80, anaona mitumbwi 80 imepangwa mkia kwa kichwa, na bega linaelewa kabla ya akili.

Sisi nasi tulipima kwa mwili: shubiri, dhiraa, pima. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, ncha hadi ncha, na mabaharia wetu walihesabia kina cha maji kwayo. Wainuiti wa Aktiki, waliowapa walimwengu kayaki, waliitumia hiyohiyo pasipo kutujua. Kwa kanuni inayosimuliwa sana, urefu wa kayaki ni pima tatu za mwenyewe, na upana wa pale anapokaa ni nyonga zake na ngumi mbili. Kayaki ya namna hiyo haiazimwi ovyo, ni kama kanzu iliyokatwa kwa mtu wake. Duka la leo limegeuza mambo: kayaki zinatoka kiwandani kwa saizi, na muuzaji anajaza sponji ubavuni mpaka mteja aenee.

Lakini hata mtumbwi wa Ely si wa Ely. Maduka hayo yako katika nchi ambayo Waanishinaabe, wenyeji wake wa asili, waliisalimisha kwa mkataba wa mwaka 1854, na umbo linaloning'inia dukani ni la jiimaan, mtumbwi wao. Walibandua ganda la mti wa betula, wakalishona kwa mizizi ya misonobari, wakaziba mishono kwa utomvu uliochanganywa na mafuta na makaa. Ganda lilitangulia, mataruma ya mwerezi yakaingizwa baadaye. Hapo niliguna, kwa kuwa mtepe wa Lamu ulijengwa kwa utaratibu huohuo, mbao zikishonwa kwa kamba za kumbi kabla ya mataruma, bila msumari. Mwandishi mmoja wa Kigiriki wa karne ya kwanza aliandika kwamba Rhapta, bandari ya pwani yetu, ilipata jina kutokana na vyombo vya kushonwa.

Tofauti ni kile kinachoombwa na mshono. Jiimaan ilishonwa iwe nyepesi, ibebwe. Mtepe ulishonwa unyumbuke, upige mchanga na mawimbi bila kupasuka, huku umejaa boriti. Sindano moja, haja mbili.

Nilimsimulia fundi haya yote, naye hakuacha kuchonga. Nilipofika kwenye kilo 19 akasimamisha mkono.

"Na upepo?"

Nikamwambia ameuliza penyewe: chombo chepesi hupeperushwa ufukweni kama ungo, kwa hiyo usiku wanakifunga kwenye mti.

"Basi miti bado wanayo," akasema, akarudi kwenye tezo lake.