Farasi wa Watu Ishirini na Watatu

Tangu zamani farasi wa mashindano huko Uingereza walikuwa mali ya wafalme na matajiri. Leo tuwatazame watu wa Cefn Fforest, kijiji cha Wales katika nchi ya makaa ya mawe, ambako machimbo yalikuwa yamekwisha kufungwa.

Mwaka 2001 Jan Vokes, mhudumu wa baa, na mumewe walizalisha mtoto wa farasi, wakamlea katika kiwanja kidogo. Gharama za mashindano ziliwazidi. Basi watu 23 wakaungana, kila mmoja akitoa pauni 10 kwa juma. Ushirika huo hautofautiani sana na vyama vyetu vya kahawa na pamba.

Farasi huyo, Dream Alliance, aliruka viunzi vizuri, hata mwaka 2008 huko Aintree akaumia vibaya ukano wa mguu. Farasi wa namna hiyo mara nyingi huuawa kwa kuhurumiwa. Wenyewe walikuwa na fedha alizokwisha shinda, wangeweza kugawana. Hawakugawana. Walilipia matibabu ya seli shina, wakangoja zaidi ya mwaka mzima bila kujua kama atakimbia tena. Kwangu mimi, kungoja huko kunapita ushindi wenyewe.

Desemba 2009, huko Chepstow, alishinda Welsh National. Mwaka 2010 hakumaliza Grand National. Baadaye ikagunduliwa kuwa mapafu yake yana ugonjwa. Hesabu ilipofungwa, gharama zikiisha kutolewa, kila mwanachama alipata pauni 1,430.